Je, Barabara Nyeupe Zitaipoza Dunia?

Hotuba iliyotolewa na mwenzetu, mhandisi wa barabara, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu na walimu wetu, wazee wenzangu tuliopita hapa, na ninyi wanafunzi mliokaa nyuma mkingojea pilau,

Nimeombwa niseme neno juu ya lami, na wengi wenu mnajua sababu. Tulichanga fedha, uwanja wa mstarini ukawekwa lami. Matope yamekwisha, lakini saa saba mchana uwanja ule ni kikaango. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akaiandikia kamati kwamba uwanja upakwe rangi nyeupe, maana amesoma kuwa barabara zenye rangi hafifu zaweza kupunguza joto la dunia nzima. Kamati ikaipenda barua hiyo, ikatenga fedha ya rangi, kisha ikakumbuka kuniuliza mimi.

Basi, msingi wa hoja ya kijana huyu ni sahihi. Lami mpya hurudisha kiasi cha asilimia 5 tu ya nuru ya jua. Iliyobaki huinywa na kuigeuza joto. Zege jipya hurudisha asilimia 35 hadi 40. Tena wanafunzi waangalie jambo hili, maana ndilo kiini: nuru inayorudishwa ikiwa bado nuru hupenya hewa na kurudi angani bila shida kubwa, lakini joto linalotoka kwenye kitu cheusi hunaswa kwa urahisi na hewa ukaa iliyotuzunguka. Kwa hiyo kitu cheupe husaidia kweli. Swali ni kiasi gani.

Mwaka 2009 wataalamu watatu wa Marekani, Hashem Akbari, Surabi Menon na Arthur Rosenfeld, walipiga hesabu hiyo. Walijiuliza: kama mapaa na barabara za miji duniani zingefanywa kuwa na rangi hafifu, faida yake ingelingana na kuondoa hewa ukaa kiasi gani? Jibu lao lilikuwa tani bilioni 44: mapaa bilioni 24, barabara bilioni 20. Mwaka huohuo Steven Chu, aliyekuwa Waziri wa Nishati wa Marekani, alilisema jambo hilo mjini London, na magazeti yakalipokea kwa shangwe.

Tani bilioni 20 ni nyingi mno masikioni. Lakini siku hizi dunia hutoa tani zipatazo bilioni 37 kila mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Kumbe barabara zote hizo, zikishapakwa, zingefuta moshi wa miezi sita na kitu. Mara moja tu, si kila mwaka! Na sababu yake hata mtoto wa kidato cha kwanza ataiona. Gawanyeni uso wa dunia vipande 1,000. Nchi kavu ni vipande 290 hivi. Miji, kwa makisio ya wataalamu hao, ni asilimia 1 ya nchi kavu, yaani vipande visivyofika vitatu. Na barabara na viwanja vilivyosakafiwa ni kama theluthi ya mji. Tumebaki na kipande kimoja katika elfu.

Isitoshe, rangi yenyewe haitoki mbinguni. Inatengenezwa kiwandani kwa moto na kusafirishwa kwa lori. Watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley walieleza mwaka 2017 kwamba mara nyingi nishati ya kutengeneza tabaka hizo hushinda ile inayookolewa. Na rangi haidumu. Lami huzeeka kama sisi: matairi huikwangua, kokoto zikatokeza, ikaota mvi hadi kurudisha asilimia 10 au 15. Zege nalo huchafuka na kuwa jeusi. Mwishowe ndugu hawa wawili hukaribia kufanana.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nisiafiki rangi hapa shuleni. Mji wa Phoenix, katika jangwa la Arizona, ulianza mwaka 2020 kupaka barabara za mitaa minane tabaka la kijivu hafifu, na chuo kikuu cha huko kikapima. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Mchana uso wa barabara ulipungua joto kwa nyuzi kama 6 za sentigredi. Hewa ya usiku ilipungua kwa sehemu ndogo ya nyuzi moja. Lakini mtu aliyesimama juu ya barabara hiyo adhuhuri alipatwa na joto la mionzi lililozidi kwa nyuzi 3 hivi, kwa sababu nuru iliyorudishwa ilimpiga yeye kabla ya kufika angani. Na baada ya miezi kumi tu, uwezo wa kurudisha nuru, uliokuwa asilimia 33 hadi 38, ulikuwa umeshuka hadi kati ya 19 na 30.

Uwanja wetu si barabara ya magari. Ni mahali pa watoto mia kadhaa kusimama wakisikiliza matangazo, ambayo, kama nakumbuka vema, hayakuwa mafupi. Tukiupaka rangi nyeupe, nyayo zitapoa na vichwa vitaungua.

Paa ni habari nyingine, kwani hakuna anayesimama juu yake. Bweni la pili lina bati lililopakwa rangi nyekundu iliyokolea, na waliolala humo mwezi wa Februari hawahitaji kuelezwa na mhandisi. Naomba fedha ya rangi iende huko, paa lipakwe nyeupe. Uwanjani ipandwe miarobaini pembezoni, upande wa magharibi kwanza, maana ndiko jua la alasiri linakotokea. Na lami itakapotaka kufanyiwa upya, kamati imwambie mkandarasi aweke kokoto nyeupe juu badala ya nyeusi, iwapo zinapatikana karibu. Hapo hatutakuwa tumenunua rangi yoyote.

Mwandishi wa barua ile nimeambiwa yumo humu. Asimame aniulize maswali, kisha wengine wafuate.