Asiyeona Hataki "Pole", Anataka Kitabu



Pale Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko wanasoma watoto wasioona. Wakiingia balehe, umri wa kujiuliza "mimi ni nani?", sisi tunawajibu nini? Ukimwambia "maskini, pole", umemmaliza! Kijana anajiamini anaposoma mwenyewe kitabu cha nukta nundu, anapokwenda sokoni na fimbo yake nyeupe, anapopewa zamu ya kuongoza wenzake darasani.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema elimu ni haki yao, siyo hisani. Basi tumbane diwani: vitabu vya nukta nundu viko wapi? Na akifikisha miaka 18, tawi letu limpe kazi, siyo kiti cha mgeni.