Kazi Zikigongana, Ipi Itangulie? Mpangilio wa Maamuzi ya Roboti ya Nyumbani

Mada kwa semina ya vijana wabunifu, Rugaaga, Uganda



1. Utangulizi

Roboti si ngeni kwa majirani zetu. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha barabarani Kinshasa roboti za kuongoza magari, zinazotumia umeme wa jua. Mei 2020 Rwanda ilipokea roboti tano za kusaidia kuhudumia wagonjwa wa Korona. Mojawapo iliitwa Akazuba. Hizo zilipewa kazi chache zinazojulikana. Nyumbani ni kugumu zaidi: kazi hugongana, na wanaoagiza ni wengi. Kwa hiyo mbunifu wa roboti ya nyumbani aanze kwa kuuliza ipi itangulie, na nani ameamua hivyo.

2. Tabaka za maamuzi

Mwaka 1986 mtafiti Rodney Brooks wa chuo cha MIT alipendekeza akili ya roboti ijengwe kwa tabaka. Tabaka ya chini kabisa hukwepa vizuizi, nayo huendelea kufanya kazi hata tabaka za juu zikikwama. Kwa nyumba za hapa napendekeza ngazi nne, ya kwanza ikiwa ndiyo ya juu:

(i) Usalama: mtoto anayesogelea jiko la makaa, moto, mtu aliyeanguka.
(ii) Afya: homa ya mtoto, dawa za saa maalumu.
(iii) Kazi zenye wakati wake: kuwahi foleni ya maji, kutazama maharage yasiungue.
(iv) Kazi zinazoweza kungoja: kufagia, kufua, kupanga vyombo.

Ngazi ya juu ikiita, ya chini isimame. Betri ikipungua, ngazi ya nne ndiyo ya kwanza kuachwa, na ya usalama iwe ya mwisho.

3. Mitego mitatu

Uzito sawa. Katika hadithi ya Isaac Asimov ya mwaka 1942, "Runaround", roboti iliyotumwa kuchukua madini ilijikuta kati ya sheria mbili: kutii amri na kujilinda. Nguvu za sheria hizo mbili zikalingana, ikabaki kuzunguka palepale. Ngazi ziwe na kanuni ya kukata shauri. Ikishindikana, roboti isimame na kumuuliza mtu.

Kazi ndogo kuzuia kubwa. Mwaka 1997 kompyuta ya chombo cha anga cha Mars Pathfinder ilijizima na kujiwasha tena mara kwa mara. Kazi ya ngazi ya chini ilikuwa imeshikilia kitu kilichohitajiwa na ya juu, kisha za kati zikaikatiza. Nyumbani ni hivi: roboti imeshika dumu pekee ikifua, inaitwa kumenya matoke, mgonjwa anangoja maji. Suluhisho la wahandisi wa Pathfinder lilikuwa kuipandisha hadhi kwa muda kazi iliyoshikilia kifaa, ili imalize na kukiachia.

Kazi isiyo na mtetezi. Watoto hupiga kelele, bibi mgonjwa aliyelala kitandani hanung'uniki. Roboti inayomsikiliza mwenye sauti kubwa itasahau kumgeuza bibi. Kila muda wa kungoja uongeze uzito wa kazi, hadi ifikiwe.

4. Nani aagize?

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale hukutana Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Runyankore. Asiyejua lugha ya mashine asipoteze zamu yake. Aidha, mtoto aweze kuomba msaada wakati wa hatari bila kusubiri idhini ya mkubwa, lakini asiweze kufuta amri ya dawa.

Uzito wa kupangwa kwenye orodha tunaujua. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liligawa kaya za wakimbizi nchini Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na mgawo wa msaada ukatofautiana. Anayepangwa ana haki ya kujua sababu na mahali pa kulalamika. Roboti nayo iweze kujibu kwa maneno mepesi: "Nimeacha kufua kwa sababu mtoto ana homa."

5. Mapendekezo

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara na vijana wa hapa waanze na programu ndogo kwenye simu inayopanga kazi za nyumba moja, kabla ya kununua hata mota. Orodha iandikwe pamoja na wenye nyumba, mama na bibi wakiwemo, na irekebishwe wanapotaka. Mashine ambayo mwenye nyumba hawezi kubadili mpangilio wake isiingizwe ndani.