Haki ya Maiti ni Kaburi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa udongo na kuufanya udongo kuwa marejeo yetu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu. Leo tuulizane: afapo mtu tumpendaye, je, tuna hiari ya kuuchoma mwili wake?

Jawabu limo katika kaburi la mwanzo. Mwana wa Adamu alipomwua nduguye, hakujua la kufanya na maiti, hata Mwenyezi Mungu akamleta kunguru, akafukua ardhi kumwonyesha namna ya kumsitiri. Nasi katika sheria yetu maiti ana haki nne juu yetu: kuoshwa, kuvishwa sanda, kusaliwa na kuzikwa. Hizo ni faradhi kifaya; zikiachwa, dhambi ni yetu sote. Tena Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Ikiwa mfupa hauvunjwi, utatiwaje motoni?

Wako ndugu zetu walionyimwa haki hiyo. Huko Sri Lanka, mwezi wa Aprili 2020, serikali iliamuru kila aliyekufa kwa maradhi ya korona achomwe, ijapokuwa Shirika la Afya Duniani lilikwisha eleza kuwa kuzika kunafaa. Wazazi walichomewa hata kitoto kichanga. Watu wakafunga vitambaa vyeupe, mfano wa sanda, kwenye uzio wa mahali pa kuchomea mjini Colombo. Ruhusa ya kuzika ikatoka Februari 2021, na mwaka 2024 serikali ikaomba radhi.

Je, waliochomwa wamepotea? Hasha! Mtume (s.a.w.) alisimulia habari za mtu aliyewausia wanawe wamchome na kulipeperusha jivu lake, kwa kuogopa hesabu. Mwenyezi Mungu akaiamuru nchi kavu na bahari, jivu likakusanywa. Akamwuliza sababu, kisha akamsamehe kwa hofu yake. Moto haumshindi Mola. Aliyelazimishwa hana lawama. Lawama ni ya mwenye uwezo wa kuzika naye akaacha.

Basi, wenye jamaa katika nchi za Ulaya, waambieni waandike wasia wao mapema, hasa waliosilimu ambao ndugu zao si Waislamu. Huko mara nyingi kuzika hugharimu zaidi kuliko kuchoma. Akipungukiwa mfiwa, jamaa na msikiti wachange. Na sisi wa huku tusiyafanye mazishi kuwa mashindano. Maiti hadai karamu wala jengo juu ya kaburi. Adai maji, sanda, sala na shimo, na deni lake lilipwe.

Ewe Mola, warehemu maiti wetu, waliozikwa na walionyimwa kaburi, na utujaalie mwisho mwema. Amin.