Tuta la Mmoja, Bonde la Wengi

Bwana Chifu, viongozi wa vyama vya watumiaji wa maji, wenye mashamba, wazee wetu, akina mama na vijana:

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika msimu wa masika, bwawa la shamba la kibinafsi lilipasuka Solai, Kaunti ya Nakuru. Watu zaidi ya 40 walifariki, watoto wakiwemo. Naomba tusimame, tunyamaze kidogo kwa heshima yao.

Asanteni, ketini.

Baadaye ilielezwa kwamba mabwawa ya shamba lile hayakuwa na kibali. Najua mkulima husema: ardhi ni yangu, nimechimba kwa pesa yangu. Namheshimu, maana bila mabwawa haya mifugo yetu ingekufa kiangazi. Lakini Sheria ya Maji ya 2016 inadai kibali, na inadai kwa haki, kwa sababu tuta la bwawa likivunjika, maji hayaulizi mpaka wa shamba.

Ninyi mnaoanza leo mafunzo ya usalama wa mabwawa, shikeni mambo mawili. La kwanza, maji yakipita juu ya tuta la udongo, hulimega mpaka likatike. Kwa hiyo kila bwawa liwe na njia pana ya kutolea maji ya ziada. Wapo wanaoiziba kwa magunia ya mchanga ili bwawa libebe maji mengi zaidi. Huko ni kuchezea roho za watu, nami nalisema mbele ya wenye mabwawa.

La pili hujificha. Mti uliokatwa kwenye tuta, mizizi yake ikioza, huacha upenyo. Shimo la mnyama ni vivyo hivyo. Ukiona chini ya tuta maji mapya yanachuruzika, tena yana rangi ya udongo, usingoje kesho. Yanabeba tuta lenyewe kutoka ndani. Waondoeni kwanza watu wa bondeni, mwenye bwawa aanze kupunguza maji, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ipigiwe simu saa hiyo hiyo.

Nina ombi moja kwa wenye mashamba. Mama anayelala na wanawe chini ya bwawa lako akija kuuliza lilikaguliwa lini, asirudishwe getini. Aonyeshwe kibali, aonyeshwe ripoti, apelekwe hadi juu ya tuta ajionee. Na hilo lifanyike kabla ya mvua za Machi.

Kwa hayo machache, natangaza kwamba mafunzo haya yamefunguliwa rasmi.