Pumzi na Fahamu: Dalili Zisizongoja Asubuhi

Mazungumzo kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, Garsen



Mtoto akiugua, mzazi humgusa paji la uso kwanza. Joto la mwili ni dalili muhimu, lakini peke yake halionyeshi ni mtoto yupi aliye hatarini zaidi.

Katika kaunti jirani ya Kilifi, jambo hili lilifanyiwa hesabu. Mwaka wa 1995, Kevin Marsh na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Dalili za kila mtoto alipofika hospitalini ziliandikwa, kisha waliopona wakalinganishwa na waliofariki. Zaidi ya 8 kati ya kila 10 waliofariki walikuwa wakipumua kwa shida au fahamu zimepungua.

Hesabu ya aina hii wataalamu huiita modeli. Haiagui. Hutumia yaliyowapata watoto waliotangulia ili muuguzi ajue aanze na nani.

Hesabu husahihisha hata mazoea ya hospitali. Kati ya 2009 na 2011, utafiti wa FEAST ulihusisha watoto 3,141 nchini Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa, walio mahututi, na damu haizunguki vizuri mwilini. Wengi waliamini kwamba maji mengi ya dripu, yakitiwa haraka, yangewaokoa. Ndani ya saa 48, walifariki 10 au 11 kati ya kila 100 waliopewa, na 7 kati ya kila 100 ambao hawakupewa. Wagonjwa wa kuharisha hawakuwemo. Hao bado wanahitaji ORS.

Basi saa zilizopotea nyumbani hazirudishwi na dripu. Na mto ukifurika barabara ikakatika, safari ya Ngao au Hola huwa ndefu.

Mtoto anayepumua kwa shida au kifua kinabonyea ndani, aliyelegea au haamki, aliyepata degedege, asiyeweza kunyonya wala kunywa, au anayetapika kila kitu, apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku.

Nanyi wahamasishaji, andikeni kwenye fomu ya rufaa dalili mliyoiona na saa ilipoanza. Aliyekuwepo nyumbani ndiye pekee anayeijua saa hiyo, na daktari ataihitaji.