Tambi zetu za jioni: tufundishe na kwa sahani

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika kikao cha pamoja cha kamati za afya na kamati za uchumi za sharika. Tumeifupisha kidogo ili itoshe katika kurasa hizi. Mhariri.)



Ratiba inasema nitazungumzia "Lishe katika shughuli za sharika". Mada hiyo ni pana sana, na muda niliopewa ni nusu saa. Kwa hiyo naomba niongelee sufuria moja tu, ile ya tambi tunazopika jioni kwenye semina zetu, kwenye mazoezi ya kwaya na kwenye kambi za vijana. Kila aliyeko hapa amekula tambi hizo. Wengine wetu tumezipika.

Nianze kwa kuungama kosa, nalo ni langu.

Mwezi Agosti mwaka 2023 tuliendesha semina ya siku mbili juu ya kisukari na shinikizo la damu. Walikuja watu 20, wengi wao wazee, kutoka sharika za pwani na za milimani. Mchana kutwa tulifundisha: punguza sukari, punguza mafuta, punguza chumvi, kula mboga za majani. Tulibandika picha ukutani. Jioni kengele ikagongwa, tukaenda kula. Chakula kilikuwa tambi zilizokaangwa kwa mafuta mengi, zikapikwa kwa sukari na iliki, na kila mtu akawekewa soda yake. Orodha ya chakula hicho ilikuwa na saini yangu.

Bibi mmoja, mwenye kisukari cha miaka mingi, aliitazama sahani yake kwa muda, kisha akaniita. Hakupaza sauti. Akasema, "Mwanangu, mchana umenifundisha nisile hivi. Mbona jioni umenipikia hivi?"

Sikuwa na jibu. Jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko aibu yangu, kwa sababu bibi yule alikuwa ameshameza dawa yake ya kushusha sukari, kama alivyoelekezwa, akitegemea kwamba chakula kiko tayari. Mtu aliyemeza dawa ya namna hiyo akikaa bila kula, sukari yake inaweza kushuka mno, akatetemeka, akatoka jasho, hata akapoteza fahamu. Akila sahani ile, sukari itapanda. Sisi tuliomwalika kumfundisha afya ndio tuliomweka katika njia panda hiyo.

Aliyetuokoa ni mpishi. Jikoni kulikuwa na sufuria ndogo ya wapishi wenyewe: ugali, maharage na mchicha. Alimpakulia bibi sehemu yake mwenyewe. Nilisimama pale mlangoni nikaelewa kwamba chakula bora katika kituo kizima usiku ule kilikuwa cha wapishi, na wageni tuliwapa kile cha "heshima".

Tulikuwa tumeweka nini katika sufuria?

Kesho yake nilikaa na mpishi tukapiga hesabu. Kwa watu 20 tulitumia tambi kilo 3, mafuta lita 1 na sukari kilo 1. Gawanyeni wenyewe. Kila mtu alipata sukari gramu 50, yaani vijiko vya chai 12 hivi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, kiwango hicho ni gramu 50. Basi tulimaliza posho ya sukari ya siku nzima katika sahani moja, kabla ya soda. Soda nayo ina sukari yake, gramu 30 na zaidi kwa chupa.

Mafuta yalikuwa mililita 50 kwa kila mtu, zaidi ya vijiko vitatu vya chakula. Ukijumlisha yote, sahani ile ilikuwa na kalori zipatazo 1,100, na ndani yake hamkuwa na jani hata moja la mboga. Na haya yalitokea mkoani Tanga! Malori ya karoti, kabichi na pilipili hoho kutoka Lushoto hupita Mombo kwenda Dar es Salaam, na machungwa ya Muheza yamepangwa kando ya barabara.

Tambi si adui

Ndugu zangu, sikuja kupiga marufuku tambi. Ni chakula cha ngano, hutunzika bila kuharibika na huiva upesi, kwa hiyo hupunguza kuni. Ndiyo maana jiko la kundi kubwa huzipenda. Marafiki zetu kutoka Marekani wanazijua vizuri: huko sharika nyingi huandaa mlo wa jioni wa tambi kwa ajili ya kuchangisha fedha. Gramu 100 za tambi kavu zina protini gramu 12 hivi, ambayo si haba. Upungufu wake ni nyuzinyuzi, maana tambi nyingi hutengenezwa kwa ngano iliyokobolewa. Zipo tambi za ngano isiyokobolewa katika maduka makubwa ya mijini, lakini bei yake ni kubwa na sitawaagiza mzitafute. Nyuzinyuzi tutazipata kwenye maharage na mboga.

Kosa letu lilikuwa mpangilio. Tulifanya tambi kuwa mlo mzima, na sukari na mafuta vikawa mboga yake. Tugeuze: mchuzi wa mboga na maharage uwe ndio mlo, tambi zisindikize.

Vipimo vipya kwa watu 20

Vipimo tunavyotumia sasa ni hivi. Tambi kilo 1 na nusu, yaani nusu ya zile za zamani. Maharage makavu kilo 1. Kwa sharika za pwani choroko zinafaa vilevile, na huiva upesi zaidi. Nyanya kilo 3, mchicha au majani ya maboga kilo 2, karoti kilo 1 na nusu, vitunguu kilo 1, pilipili hoho nusu kilo, na vitunguu saumu viwili vizima. Mafuta mililita 200. Chumvi yenye madini joto, vijiko vya chai vinne visivyojazwa mlima. Ndimu tano.

Hesabu yake ni hii: mboga zote pamoja ni kilo 8, yaani gramu 400 kwa mtu kabla ya kumenya. Gramu 400 za mboga na matunda ndicho kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa siku. Mafuta ni vijiko viwili vya chai kwa mtu, na chumvi ni gramu moja hivi, wakati kikomo cha siku ni gramu 5. Kalori ni 600 na kidogo, karibu nusu ya sahani ya zamani, lakini sahani imejaa kuliko mwanzo.

Namna ya kupika

Kwanza, lowekeni maharage usiku kucha, myamwage yale maji, kisha myachemshe hadi yaive kabisa. Kuloweka kunaokoa kuni.

Pili, kaangeni vitunguu kwa yale mafuta mililita 200. Pimeni kwa kikombe, msimimine kwa macho, maana jicho la mpishi wa semina lina ukarimu mno. Wekeni saumu, karoti zilizokwaruzwa na hoho, kisha nyanya. Acheni mchuzi uchemke taratibu kwa nusu saa hadi uwe mzito. Pondeni nusu ya maharage, mtie yote. Maharage yaliyopondwa ndiyo yanayoupa mchuzi uzito ambao zamani tuliutafuta kwa mafuta.

Tatu, msitie vidonge vya kuungia mchuzi, maana sehemu kubwa ya kidonge ni chumvi. Ladha itoke kwenye saumu, pilipili manga na ndimu. Ndimu inakamuliwa mwishoni, na inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha. Kwa sababu hiyohiyo chai isinywewe pamoja na mlo. Ingojee saa moja.

Nne, mchicha utiwe mwisho, dakika tatu tu kabla ya kuepua.

Tano, tambi zichemshwe peke yake katika maji mengi yanayotokota, bila kukaangwa kwanza. Ziepuliwe zikiwa zimeiva lakini bado zinashika jino, kama Waitaliano wanavyozila. Tambi zilizopikwa hivyo humeng'enywa polepole kuliko zilizorojeka, na sukari katika damu hupanda taratibu zaidi. Bakisheni kikombe cha maji yake mkitie kwenye mchuzi.

Wakati wa kupakua, nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe maharage, robo iwe tambi. Kwa kuwa vyote vimo katika mchuzi mmoja, mpakuaji aanze na upawa wa mchuzi, tambi zifuate. Badala ya soda kuwe na maji safi na chungwa.

Nawaomba mwelewe jambo moja. Sahani hii si dawa. Tambi ni wanga, na mwenye kisukari bado atapima kiasi chake na kufuata maelekezo ya daktari wake. Tunachofanya ni kumwekea mezani chakula anachoweza kukila pamoja na wenzake, bila kwenda kuomba jikoni.

Haikuwa rahisi

Siwezi kuwaambia kwamba tulipongezwa. Mara ya kwanza tulichelewa kuepua, tambi zikawa uji. Vijana walinung'unika. Mama mmoja wa kamati alisema tambi bila sukari ni kama chai ya mgonjwa. Mzee mmoja aliuliza kama Dayosisi imefilisika, maana soda haionekani.

Hoja hizo si za kudharau. Kwetu mgeni huheshimiwa kwa kile kilicho adimu nyumbani kwake. Zamani sukari, mafuta na soda vilikuwa adimu, kwa hiyo vikawa lugha ya heshima. Leo soda imefika hata kwenye kibanda cha mwisho kijijini, na wagonjwa wa sukari tunao katika kila usharika. Tunahitaji lugha nyingine ya heshima. Mpishi wetu ameanza kuipata: hupanga machungwa yaliyomenywa kwenye sinia kubwa, akayapitisha yeye mwenyewe mezani, mkono kwa mkono. Tangu aanze kufanya hivyo, sijasikia mtu akisema amedharauliwa.

Kwa wale ambao tambi za sukari ni desturi ya nyumbani, sisemi mziache ghafla. Zibakie chakula cha sikukuu. Mkizipika, punguzeni sukari kidogo kidogo, kutoka kilo 1 hadi robo tatu, kisha nusu, na mwachie iliki na nazi kidogo kazi ya kuleta ladha. Ulimi huzoea.

Maombi yangu matatu

Kwa kamati za afya: kila mnapofundisha lishe, mwalimu aingie jikoni kabla ya darasa kuanza. Na katika fomu ya kujiandikisha ongezeni swali moja: "Je, una maelekezo yoyote ya chakula kutoka kwa daktari?" Kwa majibu hayo mpishi atajua mapema ampikie nani nini, na chakula kiive saa ngapi.

Kwa kamati za uchumi: angalieni fomu yetu ya bajeti ya semina. Ina mstari wa "vinywaji baridi". Haina mstari wa "mboga na matunda". Mpishi hawezi kununua kitu kisicho na mstari. Naomba tubadilishe. Fedha iliyokuwa ikinunua mafuta, sukari na soda tumeihamishia kwenye mboga, maharage na machungwa, na tumenunua kwa wakulima wetu wenyewe, baadhi yao wakiwa washarika wetu.

Kwa marafiki wanaotuchangia: kwa hili siombi fedha zaidi. Naomba tu kwamba mnapopokea taarifa ya semina, msiishie kuuliza ni watu wangapi walifundishwa. Ulizeni pia walikula nini.

Yule bibi alikuja tena katika semina iliyofuata. Kabla ya kukaa alipita jikoni, akafunua sufuria, akachungulia, akafunika. Jioni alikula na wenzake mezani. Alipomaliza aliniambia chumvi ilikuwa kidogo mno, na kwamba nyumbani kwake angetia ndimu zaidi. Niliyaandika maoni yake katika taarifa ya semina, na ndiyo sababu leo nimewaambia ndimu tano. Zilikuwa tatu.