Vita Vilipita Kilindini

(Maneno ya mwanachama mmoja wa gatini katika mkutano wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile.)



Katibu ameniomba niseme machache juu ya elimu ya watoto wetu. Nitasema juu ya somo moja tu, historia ya dunia katika karne ya ishirini. Najua wengine mtacheka: kuli na historia wapi na wapi? Hata mimi nilicheka, mpaka kijana wangu wa sekondari aliponiambia, "Baba, nataka kuliacha somo hili. Ni mambo ya Wazungu na Wajapani, wala halitanipa kazi." Nilikuwa karibu kumwambia aache.

Kwanza nikakiomba kitabu chake. Nikakuta Vita vya Kwanza, 1914 mpaka 1918. Vita vya Pili, 1939 mpaka 1945. Hitler, Pearl Harbor, Hiroshima. Yote yamepangwa vizuri, lakini nilitafuta Kilindini nisiione.

Basi siku ya pili tukaenda kwa miguu mpaka Ngomeni, Fort Jesus. Pale kuna mizinga miwili ambayo alipokuwa mdogo alikuwa akiipanda kama farasi. Mmoja ni wa manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyozamishwa Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Wa pili ni wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha, nayo ikaangamizwa katika mto Rufiji mwezi wa Julai 1915. Nikamwambia kwamba katika vita hivyo watu wetu walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Kisha nikamwuliza kama anaijua shule ya Allidina Visram. Nani asiyeijua Mombasa hii? Lakini hakujua kwamba Aprili 1942, ndege za Kijapani zilipoipiga Ceylon, Waingereza walihamishia manowari zao Kilindini, na shule ile ikatwaliwa na wanamaji. Madarasani wakakaa watu wa kusikiliza redio na kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Mwaka ule ule wakafumbua yale ya meli zao za shehena. Kijana alisimama njiani. "Shuleni?" Nikamwambia, shuleni.

Sikumficha na la huzuni. Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga hapa kwenda Colombo, imepakia askari, na wengi wao ni watu wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Walikufa watu karibu 1,300.

Sasa ndugu zangu, jambo letu. Babu yangu alikuwa kuli. Alikuwa akitusimulia mgomo wa 1947, lakini alisema tu, "Tuligoma, tukalala na njaa." Kwa nini mwaka ule? Hakusema, nasi hatukumwuliza. Jibu lake limo katika kitabu kile kile cha kijana. Wakati wa vita kazi bandarini ilikuwa nyingi na vitu vilikuwa haba. Chakula, nguo na kodi ya chumba vikapanda, mshahara ukabaki nyuma. Vita vikaisha 1945, bei hazikushuka. Tarehe 13 Januari 1947 mji ukasimama: makuli, watu wa reli, wa mahoteli, hata wapishi wa majumbani, yapata watu 15,000. Walikutana Kiwanja cha Maskini. Baada ya siku 12 wakarudi kazini, kwa kuwa Bwana Eliud Mathu alikuja kusema nao na baraza la Jaji Thacker likaahidiwa kuchunguza mishahara. Baraza liliongeza mishahara. Lakini kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka ule akapelekwa Baringo.

Wala haikuwa Mombasa peke yake. Makuli wa Dar es Salaam waligoma Septemba 1947. Oktoba wakagoma watu wa reli katika makoloni ya Ufaransa ya Afrika Magharibi, na Unguja wakagoma 1948. Hapana mtu mmoja aliyeyapanga hayo yote. Mtoto akifundishwa vita bila migomo hii, atadhani mambo yaliishia Hiroshima. Na sisi tukimsimulia mgomo bila vita, atadhani wazee waliamka siku moja wamekasirika.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1947 alizaliwa 1927. Hesabuni wenyewe wamebaki wangapi wa kuulizwa.

Kijana hajaliacha somo. Juu ya kazi bado ana wasiwasi, nami sikumdanganya kwamba historia itampa ajira.

Jumamosi hii saa kumi alasiri nitakuwa Ngomeni penye mizinga. Mwenye mtoto wa sekondari amlete. Na mwenye kadi ya kazi ya babu yake, au karatasi ya mshahara ya miaka ile, aje nayo tuinakili, lakini aitie kwanza katika mfuko wa plastiki, maana mvua za siku hizi hazibishi hodi.